Renki za futiboli ya vyuo Marekani: ufuate ya AP, ya makocha au ya kamati?

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mpwa wangu alikua kwangu tunaangalia futiboli (ile ya Kimarekani, sio soka), hapo ana miezi miwili tu Marekani, kaja kusoma chuo huku Texas, akaniuliza "mjomba, hiyo 7 mbele ya jina la timu ni namba ya jezi ya nani?" Nikamwambia hapana, hiyo ni nafasi ya timu kwenye renki ya nchi nzima. Akaelewa. Mwezi wa kumi na moja akanipigia, safari hii amekereka kabisa, "mjomba, timu imeshinda jumamosi, jumapili nimeiona ya 7, jumatano naikuta ya 10, na hapo katikati hakuna mechi iliyochezwa, nani kawashusha?" Hakuna aliyewashusha. Ile 7 ilikua ya AP, ile 10 ya kamati, na TV zikishapata ya kamati zinaiacha ya AP na kuendelea kama vile hakuna kilichobadilika. Swali hilohilo nimelisikia kazini na nimelisikia kwa watu wa nyumbani wanaofuatilia mchezo huu wakiwa Dar na Nairobi, kwaiyo naziweka hizi renki tatu pamoja hapa, mtu aone zinatofautiana wapi na achague ya kuifuata.

Kwanza tuelewane kwa nini kuna kura kabisa kwenye mchezo. Kwetu ligi ina msimamo, Ligi Kuu Bara timu 16, kila mmoja anakutana na mwenzake nyumbani na ugenini, mechi 30, ukimaliza msimamo unaongea wenyewe hata kama roho inakuuma. Futiboli ya vyuo daraja la juu ina timu zaidi ya 130 na kila timu inacheza mechi 12 kabla ya fainali za konferensi, na konferensi zenyewe ni kama ligi ndogondogo kila moja na ukubwa wake na pesa zake. Timu ya Idaho na timu ya Florida zinaweza kukaa miaka na miaka hazijakutana. Hesabu haikubali, lazima watu wakae chini waseme nani bora, na wanaosema wako makundi matatu: waandishi, makocha, na kamati.

Ya waandishi ndo yenye heshima ya umri. Shirika la habari la Associated Press, ndo hiyo AP, lilianza kuitoa kila wiki mwaka 1936 chini ya mhariri wao wa michezo Alan Gould, na namba moja wa kwanza kabisa alikua Minnesota. Saivi wanapiga kura waandishi na watangazaji sitini na kitu kutoka majimbo mbalimbali, watu ambao kazi yao ni kuangalia huu mchezo. Kila mmoja anaandika timu 25 (zilikua 20, kuna miaka zilikua 10 tu, 25 imekuja 1989), wa kwanza anapewa pointi 25, wa pili 24, hivyohivyo mpaka wa 25 anayepata pointi moja, halafu zinajumlishwa zote. Yaani wapigakura wakiwa 62 na wote wakakuweka juu, unapata 1,550. Ukiona kwenye orodha kuna namba kwenye mabano baada ya jina la timu, hizo ni kura za nafasi ya kwanza, na mimi huwa naziangalia kabla ya nafasi yenyewe, kwa sababu timu mbili zikigawana kura za kwanza nusu kwa nusu unajua huko juu bado kuna mjadala hata kama orodha inaonyesha moja na mbili.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye AP ni kwamba kura ziko wazi. Karatasi ya kila mwandishi inawekwa hadharani kila wiki, jina lake na timu zake 25, na kama kaiweka timu yako ya 19 wakati wenzake wote wameiweka ya 8, unaingia unamuona ni nani na anaandikia gazeti gani. Wanasemwa sana hawa watu, wanatukanwa, lakini wanajua wanaonekana na wiki inayofuata wanakaa tena kupiga kura wakijua hivyo. Makocha na kamati hawana kitu kama hicho kila wiki.

Halafu cha pili, AP haiamui chochote. Kuna watu wanaona huu ni udhaifu, mimi naona ndo nguvu yake. Kati ya 1998 na 2013 kulikua na mfumo unaitwa BCS uliochanganya kura na kompyuta kutafuta timu mbili za kucheza fainali, na mwanzoni kura za AP zilikua ndani ya ile fomula. Msimu wa 2003 fomula ikawapeleka LSU na Oklahoma fainali, wakati USC ndo alikua namba moja kwa waandishi na kwa makocha pia. LSU akashinda, makocha walikua wameshasaini kwamba mshindi wa fainali ndo namba moja wao, watatu kati yao wakakaidi wakampa USC hivyohivyo, na AP ikabaki na USC wake. Mabingwa wawili mwaka mmoja. Desemba 2004 AP wakaandika barua, acheni kutumia kura zetu, na toka hapo hakuna nafasi ya fainali inayotegemea kura ya AP. Mtu ambaye kura yake haimnyimi mtu mamilioni ana nafasi kubwa zaidi ya kusema anachokiona, hayo ndo mawazo yangu na nimeyashikilia miaka mingi.

Ya makocha sitaizungumzia sana. Ilianza 1950 chini ya shirika la United Press, saivi iko na gazeti la USA Today pamoja na chama cha makocha, na wao ni sitini na kitu pia, pointi zinahesabiwa vilevile. Kwa kusikia tu unaweza kudhani hii ndo bora, nani anaujua mchezo kuliko kocha? Lakini fikiria siku ya kocha. Jumamosi ameamka na timu yake, amecheza, amerudi kuangalia mkanda wa mechi, jumapili asubuhi anatakiwa atume timu 25 wakati nusu ya hizo timu hajaziona zikicheza hata robo moja. Anaijua timu yake, anawajua aliocheza nao na atakaocheza nao, basi. Na hapohapo anaipigia kura timu yake mwenyewe, anawapigia wapinzani wake wa konferensi, na kuna mikataba ya makocha yenye bonasi zinazotegemea timu imemaliza ya ngapi. Steve Spurrier, kocha mkubwa sana, alikua na desturi ya kuipa Duke kura yake ya 25 kabla ya msimu kuanza kwa sababu aliwahi kufundisha pale na anawapenda. Mapenzi yake siyalaumu, ila kura ikiwa ya mapenzi sijui niitumieje kuchagua mechi ya kuangalia. Na karatasi zao ni siri mpaka ile ya mwisho kabla ya mechi za bowl (mechi maalum za baada ya msimu), hiyo tu ndo inawekwa wazi toka 2005.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Makocha hawaipangi kabisa timu iliyofungiwa mechi za baada ya msimu. Mwaka 2012 Ohio State walishinda mechi zote 12 wakiwa kifungoni, AP wakawamalizia namba 3, kwa makocha ukiangalia orodha nzima hawapo, kama vile ule msimu haukuchezwa. Mtu anayesoma takwimu za zamani kwenye renki ya makocha peke yake atapitwa na timu isiyofungwa hata mechi moja. Na zamani ilikua mbaya zaidi, mpaka 1973 walikua wanatangaza bingwa kabla ya bowl, mwaka huo wakampa Alabama, Alabama akaenda Sugar Bowl akapigwa na Notre Dame 24-23 na bado taji la makocha likabaki kwake. Mwaka uliofuata wakabadilisha.

Sasa kamati. Hii ndo yenye rungu, na hapa nakaa zaidi kwa sababu ndo inayochanganya watu.

Kamati ya CFP (College Football Playoff, yaani mtoano wa kutafuta bingwa) ilianza 2014 na ina watu 13: wakurugenzi wa michezo wa vyuo, makocha waliostaafu, wachezaji wa zamani, na mara mojamoja mtu wa nje kabisa, ile ya kwanza alikuwemo Condoleezza Rice aliyekua waziri wa mambo ya nje. Wanakutana hotelini Grapevine, hapa jirani na uwanja wa ndege wa DFW, mi naishi Irving na nikienda kumpokea mtu uwanjani siku za jumanne za Novemba huwa nawaza kwamba pale upande wa pili kuna watu 13 chumbani wanabishana kuhusu timu ya tano na ya sita. Hawajumlishi pointi kama AP. Wanachukua timu chache, wanazijadili, wanapiga kura, zile tatu za juu zinaingia kwenye orodha, wanarudia na zinazofuata mpaka zifike 25. Mjumbe ambaye chuo fulani kinamlipa anatoka nje chuo hicho kikijadiliwa. Na kila wiki wanasema wanaanza upya, yaani kwamba ulikua wa 4 wiki iliyopita hakukupi haki ya kuwa wa 4 leo hata kama umeshinda. Kura zao hazionekani, anayejitokeza ni mwenyekiti tu, anakaa kwenye TV ya ESPN dakika chache anaeleza, na wiki nyingine maelezo yake yanazidisha maswali.

Tofauti hii ya namna ya kupanga ndo kiini cha ulinganisho wote. Waandishi wakishakuweka mahali mwezi wa nane wanakusogeza taratibu, ukishinda unapanda kidogo, ukifungwa unashuka, aliye mbele yako asipofungwa ni ngumu kumpita. Kamati kazi yake ni kuuliza umemfunga nani, wapi, ratiba yako ilikua ngumu kiasi gani, mlikutana uso kwa uso nani alishinda, wachezaji wako wakubwa wapo au wameumia. Ndo maana mwaka ule wa kwanza 2014 Ohio State alitajwa wa 16 kwenye renki ya kwanza kabisa ya kamati, wiki ya mwisho kampiga Wisconsin 59-0, kaingia wa 4, na akachukua ubingwa. TCU wiki ileile alikua wa 3, akashinda 55-3, akajikuta wa 6. Kushinda kwa tofauti ya pointi 52 na kushuka nafasi tatu, kwenye AP kitu kama hicho hukioni kirahisi.

Mfano unaoniuma mpaka leo ni wa 2023, na mimi sio hata shabiki wao. Florida State alimaliza 13-0, bingwa wa konferensi yake, ila kwotabeki wao (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) Jordan Travis alikua ameumia vibaya mwezi wa kumi na moja. Nafasi za mtoano zilikua nne tu. AP siku ile walimuweka wa 4 mbele ya Alabama aliyefungwa mechi moja. Kamati ikawageuza, Alabama wa 4 ndani, Florida State wa 5 nje. Swali la waandishi lilikua nani amestahili kwa alichokifanya, swali la kamati lilikua nani ana nguvu leo bila yule kijana. Baadae Florida State, wachezaji kibao wakiwa hawapo, akapigwa na Georgia 63-3 kwenye Orange Bowl, na kuna watu wanasema mmeona, kamati ilikua sahihi. Mi sikubali, ile timu iliyocheza Orange Bowl haikua timu ya Desemba tarehe 3, na vijana walioshinda mechi 13 walistahili mlango ufunguliwe. Lakini ukitaka kujua nani ataingia, hasira zangu hazikusaidii, kinachokusaidia ni kujua kamati inauliza swali gani.

Na timu za konferensi ndogo? UCF mwaka 2017 hawakufungwa kabisa, kamati ikawamalizia namba 12, wakaenda wakamfunga Auburn 34-27, na AP kwenye kura ya mwisho wakawapandisha mpaka 6 na waandishi wanne wakawapa nafasi ya kwanza. Mambo yalilegea kidogo 2024 mtoano ulipokua wa timu 12, kwa sababu msimu ule na wa 2025 mabingwa watano wa konferensi wenye renki ya juu walikua wanaingia lazima. Hapo ndo utaona ajabu ya 2025: Duke alibeba konferensi ya ACC akiwa amefungwa mechi tano na hayumo kwenye 25, kwaiyo nafasi ya bingwa wa tano ikaenda kwa James Madison aliyekua wa 24, wakati Notre Dame wa 11 akabaki nje. Nafasi ya 24 ilikua na thamani kuliko ya 11. Ukiangalia AP peke yako hutaelewa imewezekanaje.

Tena hiyo ya Notre Dame ina mwenzie. Miami alimfunga Notre Dame 27-24 wiki ya kwanza ya msimu, na wiki zote za Novemba kamati ikaendelea kumuweka Notre Dame juu ya Miami, maelezo yakiwa kwamba hawako karibu vya kutosha kulinganishwa uso kwa uso. Wikiendi ya mwisho wote wawili hawakucheza, BYU aliyekua katikati yao akafungwa akashuka, wakabaki wamegusana, na ghafla ile mechi ya Agosti ikahesabika: Miami 10 ndani, Notre Dame 11 nje. Miami akafika mpaka fainali. Mimi naona uamuzi wa mwisho ulikua sahihi na wiki zilizotangulia ndo zilikosewa, na ndo sababu nawaambia watu renki za kamati za katikati ya Novemba msizichukulie kama ahadi. Ile yenye uzito ni moja, ya jumapili baada ya fainali za konferensi. Nyingine zote ni kuonyeshwa tu wanawaza nini.

Tukirudi mwezi wa nane, wakati ambapo AP na makocha wana renki na kamati haina, hapo hakuna ya kuamini. Texas 2025 walianza namba moja kwa AP kwa mara ya kwanza kwenye historia yao, hapa mitaani kulikua na shangwe kama wameshachukua kombe, mechi ya kwanza wakafungwa na Ohio State 14-7 na mtoano hawakufika. Penn State alikua wa 2, Oktoba kocha kafukuzwa. Mwaka kabla yake Florida State walianza namba 10 wakamaliza na ushindi wa mechi mbili. Na TCU 2022 hakuwemo kwenye 25 kabisa mwanzoni, akafika fainali. Kukisia hakukatazwi, lakini usinunue tiketi ya Oktoba kwa sababu ya namba ya Agosti.

Kwaiyo uchague ipi? Kama ndo unaanza kujifunza mchezo na unataka kujua jumamosi uangalie mechi gani, fuata AP mpaka mwisho wa Oktoba, na shuka chini kabisa ya orodha, pale wanapoandika timu nyingine zilizopata kura, kwa sababu timu inayoamka huwa inaanzia pale wiki mbili tatu kabla haijaingia kwenye 25. Kama una timu yako na unachotaka ni kujua itaingia mtoano, ikifika Novemba weka AP pembeni na usikilize kamati, usikilize na maneno ya mwenyekiti, akitaja ugumu wa ratiba mara tatu ujue ratiba yenu itawaumiza. Kama unabishana na mtu kuhusu historia, nani alikua bingwa mwaka gani kabla ya 1998, hapo utahitaji AP na makocha zote mbili maana mataji yaligawanyika mara nyingi, na ni hapo tu ambapo mi naifungua ya makocha. Mtu wa takwimu ana kompyuta zake, ile ya Colley kwa mfano iliwaweka UCF namba moja 2017, ni nzuri kupima waandishi wasikudanganye na majina makubwa, ila usianze nayo.

Mpwa wangu yeye kachagua zote mbili, jumapili ananitumia picha ya AP na jumanne usiku ananipigia kamati ikiwa bado iko hewani, na tunabishana kuhusu Texas A&M mpaka mke wangu anazima taa. Kwa mlioko nyumbani saa zenu ni hizi: AP kwa kawaida inatoka jumapili saa tatu usiku ya Afrika Mashariki, ikifika Novemba Wamarekani wakirudisha saa nyuma inakua saa nne. Ya kamati inaangukia usiku wa manane wa kuamkia jumatano, kama saa tisa hivi. Lala, ukiamka asubuhi utaikuta.